Jibu: Kufundisha bayomu bila kukaririsha

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uanzie wapi ili wanafunzi wasiishie kukariri majina ya bayomu, yaani maeneo makubwa ya dunia yenye hali ya hewa na uoto unaofanana. Anza na mvua na joto. Wape takwimu za sehemu mbili zisizotajwa majina, wakisie uoto wake. Jangwa kwa kawaida hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Msitu wa mvua wa tropiki mara nyingi huzidi 2,000.

Kisha waulize: mbona tundra, yaani nyanda za baridi kali zisizo na miti, hupata mvua kidogo kama jangwa, lakini majira ya joto imejaa madimbwi? Hapo mjadala hunoga kweli! Udongo ulioganda chini huzuia maji kupenya, na baridi hupunguza uvukizi.

Mifumo ikolojia, yaani viumbe pamoja na mazingira wanamoishi, ifuate baadaye. Hata gogo linalooza linatosha kuwa mfano.