Dawa za kifua kubana: kuzichanganya sio kumeza tu, angalia na saa

Mimi nilianza na kifua kubana nikipanda ngazi, nikisimama dakika mbili tatu kinaachia naendelea zangu, miezi minne nzima najiambia ni gesi. Kuja kupimwa naambiwa mishipa inayolisha moyo wenyewe imeziba nusu nusu, moyo ukifanya kazi kubwa damu haitoshi ndo maana unauma. Nikapewa bisoprololi, aspirini ndogo ya miligramu 75, dawa ya kolesteroli na ile ya dharura ya kuweka chini ya ulimi.

Nikapata nafuu ila sio kabisa, nikarudi nikaomba nizidishiwe dozi. Daktari akapima mapigo, 56 nimekaa, akasema mapigo hapa hatuyashushi tena, tunaongeza dawa ya aina nyingine, amlodipini. Kumbe kila moja ina kazi yake. Bisoprololi inautuliza moyo usikimbie, ukipiga polepole unahitaji oksijeni kidogo, na amlodipini inalegeza mishipa na kushusha presha, kwahiyo moyo hausukumi kwa nguvu sana. Hizi mbili zinaendana vizuri, kilichonikera ni miguu tu kuvimba jioni, nikivua soksi naona mfereji umejichora pale juu ya kifundo.

Sasa usione amlodipini inaendana ukadhani na ndugu zake wote wanaendana. Verapamili ni ukoo huo huo ila yenyewe nayo inapunguza mwendo wa moyo, ukiiweka juu ya bisoprololi moyo unaweza kupiga polepole mpaka hatari. Mimi nilienda sehemu nyingine kwa shida ya presha, sikutaja dawa ninazotumia (kosa langu) na wao hawakuniuliza (kosa lao), nikapewa hiyo. Siku ya tatu napiga mswaki naona giza, nikashika sinki kwa mikono miwili, kupima mapigo yako 38. Tangu siku hiyo nina picha ya maboksi yangu yote kwenye simu, namuonyesha daktari kabla hata sijakaa.

Dawa ya tatu ya kutuliza kifua, baada ya bisoprololi na amlodipini, ndo iliyonifundisha habari ya saa. Niliongezewa isosorbaidi mononaitreti (ni ya kundi la naitreti, dawa za kutanua mishipa, kundi moja na ile ya chini ya ulimi), nikaambiwa meza saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Mimi nikajifanya mjanja, mara mbili kwa siku si kila baada ya saa 12 jamani, nikawa nameza asubuhi na usiku. Siku za mwanzo kichwa kiligonga balaa, hiyo ni kawaida na huwa inapungua, kifua nacho kikatulia, halafu baada ya wiki kama mbili ngazi zile zile zikaanza kunibana tena nikaona dawa feki hii. Kumbe naitreti ikikaa mwilini usiku na mchana mwili unaizoea na inaacha kufanya kazi, lazima upite muda wa saa 10 mpaka 14 dawa imepungua, na wengi huo muda unawekwa usiku ukiwa umelala. Nikarudi kwenye saa nane na ngazi zikapandika. Ila kama yako ni ile inayoyeyuka taratibu ya mara moja kwa siku usiige ratiba yangu, uliza ya kwako.

Wanaume wenzangu, hili halisemwi kwa sauti: ukiwa kwenye naitreti, hata ile ya chini ya ulimi tu, dawa za nguvu za kiume kama sildenafili na tadalafili usiguse, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa. Ukiwa umeshameza halafu kifua kikabana, waambie wanaokuhudumia, usione aibu, maana sildenafili inabidi zipite angalau saa 24 na tadalafili 48 kabla hujapewa naitreti.

Na bisoprololi usiache ghafla eti umepona, maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, inapunguzwa kidogo kidogo na daktari.

Ile ya chini ya ulimi mimi naitumia nikiwa nimekaa, maana ukisimama unaweza kudondoka. Dakika tano zikipita na kifua bado, naita gari la wagonjwa, na kikianza kunibana nimekaa tu bila kazi yoyote hiyo naihesabu dharura hata kama jana ngazi nilipanda vizuri.