Majilio Katikati ya Msimu wa Korosho

Barua za wasomaji. Anayejibu ni mwalimu wa Shule ya Jumapili wa siku nyingi, Mtwara Mjini.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mke wa mwalimu, tunaishi kijijini wilaya ya Newala. Mimi na mume wangu ni Walutheri, tumetokea Njombe. Mtaa wetu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku ni mdogo, unaongozwa na mwinjilisti, na mchungaji hufika kwa nadra kwa kuwa ana mitaa mingi. Majirani karibu wote ni Waislamu na tunapatana nao vizuri sana. Ramadhani iliyopita mwanangu wa darasa la tatu aliniuliza, "Mama, na sisi tuna nini?" Nikamwambia tuna Krismasi na Pasaka. Akanijibu kwamba hizo ni siku mbili tu. Natamani watoto wayajue Majilio, wiki za kungojea Krismasi, na Kwaresma, mfungo wa kabla ya Pasaka, kama nilivyolelewa mimi, ila baba yao anasema hayo ni mambo ya kanisani, aachiwe mchungaji. Tena Majilio yanaangukia msimu wa korosho, watu wote wako shambani. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi mno kwa swali la huyo mtoto. Ameona nyumba za wenzake zikibadilika mwezi mzima, saa za kula, mapishi, hata sauti za jioni, akatazama ya kwao akaona haibadiliki. Hicho ndicho anachokidai, na ni haki yake.

Nianze na baba yao, maana akikubali yeye mengine yatakuwa mepesi. Mwaka 1528 Martin Luther, ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, alishiriki kukagua sharika za Saxony, huko Ujerumani, akakuta Wakristo waliobatizwa wasiojua hata Sala ya Bwana. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani. Mwombe mumeo aifungue tena, maana najua aliikariri wakati wa kipaimara. Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, zote zimewekwa chini ya maneno yanayosema hivi ndivyo mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Mwenye nyumba, si mchungaji. Na humo mna sala ya asubuhi, sala ya jioni, sala ya kabla na baada ya chakula. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya meza ya kulia. Mchungaji ana kazi yake: Meza ya Bwana msiigawe wenyewe nyumbani, isubirini afike. Lakini kusoma, kuimba, kuomba na kumweleza mtoto kwa nini leo tumewasha mshumaa, hayo hayahitaji ruhusa ya mtu.

Sasa Majilio. Ni Jumapili nne kabla ya Krismasi, na mwaka huu wa 2026 ya kwanza ni 29 Novemba. Unasema msimu wa korosho unawabana. Mimi nimeishi huku miaka mingi na naona kinyume chake: hakuna mahali Majilio yanapohitajika kama kwetu. Mzigo umeshapelekwa chama cha msingi cha wakulima, umeingia ghalani, mnada umefanyika, na sasa kila nyumba inasikilizia malipo. Watoto wanasikia habari za pesa asubuhi hadi usiku. Bati, pikipiki, nguo za Krismasi. Ndani ya wiki hizohizo kanisa linatuambia tunamngoja Mtu. Mtoto akikua akingojea pesa peke yake, Krismasi itamkuta ameshashiba.

Usinunue kitu zaidi ya mishumaa minne. Chukua bakuli la udongo au sahani pana, ijaze mchanga, simamisha mishumaa, zungushia majani ya mwembe; hilo ndilo shada lenu la Majilio. Najua picha za kalenda zinaonyesha matawi ya misonobari, na Njombe mlikuwa nayo; Newala majani ya mwembe yanatosha kabisa. Hata yule mchungaji wa Ujerumani anayetajwa kuanzisha desturi hii mwaka 1839, Johann Hinrich Wichern, alikuwa na watoto maskini katika nyumba aliyoifungua Hamburg, na alichotumia ni gurudumu la mkokoteni. Watoto wale walimchosha kwa kuuliza Krismasi lini, akawawekea mishumaa midogo kwa siku za kawaida na mikubwa kwa Jumapili, wahesabu wenyewe. Jumapili ya kwanza washa mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo hadi minne. Iwashe wakati wa sala tu kisha uizime, ili ifike mwisho. Iwe mbali na pazia, na kama jiko lenu ni la makuti msiisogeze huko.

Jambo ambalo watoto hawalisahau ni wasafiri. Wafinyange kwa udongo Mariamu, Yusufu, punda, wachungaji wawili na kondoo kadiri wapendavyo. (Kondoo wengine watafanana na mbuzi, waache.) Jumapili ya kwanza Mariamu na Yusufu wakae mlangoni. Kila Jumapili wasogee: dirishani, juu ya kabati, kwenye kiti, hadi usiku wa 24 Desemba wafike mezani, na mtoto mdogo kuliko wote amweke Yesu. Mamajusi bado wako njiani, hawafiki hadi Epifania, sikukuu ya kufika kwao kwa Yesu, 6 Januari. Hapo mtaona Krismasi haiishi na pilau la tarehe 25. Masomo yawe mafupi: Isaya 9 aya za mwanzo, kisha Luka 1 mkiigawa vipande vitatu. Wimbo mmoja, uleule wiki zote nne. Ukibadilisha kila mara hawatashika hata mmoja. Na ikiwa jioni mmerudi shambani mmechoka, asomeke mstari mmoja, iombwe Sala ya Bwana, mlale. Bora kidogo kisichokatika.

Kwaresma nayo ina siku 40 kutoka Jumatano ya Majivu, Jumapili hazihesabiwi. Mwaka huu Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, siku zilezile Ramadhani ilipoanza, na mwakani zitakaribiana tena. Ndiyo maana mwanao aliuliza. Mwambie kweli: sisi hatufungi ili Mungu atupende, amekwisha kutupenda katika Kristo. Luther aliuita mfungo mazoezi mazuri ya nje, ya mwili. Na kwetu huo ni wakati wa mvua na palizi, akiba ya chakula nyumba nyingi inapungua. Usimnyime mtoto uji. Acheni sukari kwenye chai, au soda, na hela yake iingie kwenye kopo mezani. Mwisho wa Kwaresma watoto wenyewe wachague mtu wa kupelekewa. Na jirani akifungua, watume na sahani ya mihogo ya nazi, kama najua desturi za huku mnafanya tayari. Hakuna kinachopungua katika Ulutheri wenu.

Pasaka iwekeni kwa muda wake: siku 50 hadi Pentekoste, na ya 40 ni Kupaa. Watoto waruhusiwe kuimba haleluya kwa kelele kipindi chote hicho.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa mkoani Lindi. Wajukuu wamesikia kwa wenzao Wakatoliki kwamba kula nyama Ijumaa Kuu ni dhambi. Sisi Walutheri tunasemaje?

JIBU: Si dhambi, mzee wangu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 26, linahusu jambo hilihili la kubagua vyakula: mtu hapati neema kwa kuacha chakula fulani, wala dhamiri isifungwe kwa amri hiyo. Ungamo hilohilo halikatazi kufunga. Kwa hiyo ukipenda siku hiyo pawe na samaki na ugali bila madoido, kwa heshima ya mateso ya Bwana, fanya hivyo, na waeleze wajukuu ni hiari. Wasiwacheke wenzao Wakatoliki. Nao wana sababu zao na wanamheshimu Kristo yuleyule. Kinachonihangaisha zaidi ni watoto wanaokwenda kanisani Ijumaa Kuu hawajasomewa habari yenyewe. Alhamisi jioni wakalishe barazani, uwasomee Marko 14 na 15. Ni ndefu, naam. Wagawie wenye kujua kusoma, wewe ushike sehemu ya Petro na jogoo.