Kupima namba tasa ya ufunguo: kwa mnaoanza kazi za usalama wa kompyuta Kisumu

Ukiambiwa upime kama namba ni tasa, mkono hukimbilia mbinu ya darasani: gawanya kwa 2, 3, 5, mpaka ufike kipeuo chake cha pili. Ufunguo wa RSA (mfumo wa kusimba siri) wa biti 2048 ni zao la namba tasa mbili za biti 1024, kila moja tarakimu kama 309. Kwa mbinu hiyo jua litazimika hujamaliza.

Hata hivyo usiitupe. Muuza mahindi wa soko la Kibuye hupepeta makapi kabla ya kujaza gorogoro. Nawe anza kwa kugawanya kwa namba tasa ndogo, za chini ya 2000 hivi. Nyingi mbovu zitaanguka hapo kwa gharama ndogo.

Zinazobaki zipimwe kwa Miller-Rabin, kipimo kinachokagua baki za vipeo bila kutafuta vigawo. Kipimo cha Fermat, kinachotazama tu kama baki ya mwisho ni 1, hudanganywa na 561, ambayo ni 3×11×17. Tazama Miller-Rabin inavyoinasa: toa 1, upate 560, yaani 16×35. Piga 2 kwa kipeo cha 35, gawanya kwa 561, baki ni 263. Chukua mraba wa kila baki: 166, halafu 67, halafu 1. Simama hapo. Kama 561 ingekuwa tasa, baki zenye mraba wa 1 zingekuwa mbili tu, 1 na 560. Hii 67 imetoka wapi? Basi 561 si tasa.

Namba isiyo tasa hupenya raundi moja, yaani kipimo kimoja cha namna hiyo, kwa uwezekano usiozidi robo, kwa hiyo raundi 40 zinatosha kabisa. Lakini namba ya kuanzia, ile 2, iteuliwe kwa bahati nasibu kila raundi. Orodha isiyobadilika, mjanja anaweza kuitungia namba ya kuipenya.

Kwenye Python andika pow(a, d, n): a ni namba ya kuanzia, d ni kipeo (kama ile 35), n ni namba unayopima. Ukiandika a**d % n, mashine itajaribu kuandika kipeo kizima kwanza na laptopu itaganda. Usishtuke pia msako ukikataa namba mia tatu mfululizo: kwa ukubwa huu, katika namba witiri kama 355, tasa ni moja.

Kosa baya kuliko yote halionekani kwenye kipimo. Chota namba kutoka moduli ya Python iitwayo secrets, kamwe si ile ya random, ambayo matokeo 624 ya biti 32 yanatosha kuitabiri. Mwaka 2012 watafiti walikusanya funguo za intaneti wakakuta vifaa vingi vinatumia namba tasa moja kwa pamoja, hasa vilivyotengeneza ufunguo mara tu vilipowashwa. Kigawo kikubwa cha shirika cha funguo mbili za namna hiyo ndicho hiyo namba tasa ya pamoja, kikazivunja zote mbili, na namba zenyewe zilikuwa tasa halali.

Ukimaliza, linganisha na amri ya programu ya OpenSSL: openssl prime 561. Itakujibu 231 (561) is not prime. Hiyo 231 ni 561 kwa kizio cha 16, si hitilafu.