Nyota ya Burma isiyo na jina

SWALI: Babu yetu alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Ametuachia nyota mbili za rangi ya shaba, moja imeandikwa THE 1939-1945 STAR na nyingine THE BURMA STAR, pamoja na nishani nyeupe ya duara. Zote hazina jina. Sonara anasema bila jina ni bandia. Ni kweli? Na tuzisugue kwa Brasso?
Msomaji, Tabora

JIBU: Sonara kakosea. Wahindi, Waaustralia na Waafrika Kusini walichorewa majina kwenye nyota za vita ile. Uingereza haikuchora, na askari wa KAR walipewa za Uingereza. Hata hiyo ya duara, War Medal, ilitolewa bila jina.

Nyota ya Burma ilikuwa ya waliotumikia vita vya Burma kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Kwa askari wa nchi kavu, kuingia tu Burma kulitosha. Wengi wa kwetu walifika na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw kwenye masika ya 1944 hadi mto Chindwin.

Kagueni kwa sumaku kwanza: ni shaba na zinki, haishikwi. Kisha tazameni taji na herufi GRI katikati kwa kioo cha kukuzia. Vitundu vidogo vidogo maana yake imemiminwa kwenye kalibu, ni nakala. Iliyosuguliwa miaka mingi nayo huwa butu, ila uso wake ni laini.

Ndiyo maana Brasso hapana. Inakula madini yenyewe, na taji ndilo linaloanza kwenda. Vueni utepe, osheni kwa maji vuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini, mkaushe kabisa. Kutu ya kijani itoeni kwa kijiti cha meno. Msizihifadhi kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, hutoa asidi. Kitambaa cha pamba kinatosha.

Utepe mpya una upana wa milimita 32: buluu iliyokoza, mstari mpana mwekundu katikati, na mstari wa chungwa kila upande. Mjukuu huvaa kifua cha kulia, 1939-1945 ikianza, kisha Burma, kisha ya duara.

Lakini tafuteni zaidi cheti chake cha kuachishwa jeshi. Nyota isiyo na jina haimthibitishi mtu. Cheti chenye namba yake ndicho kinachomthibitisha. Na sonara akijitolea kuchonga jina sasa, mkatalieni: huharibu thamani yake.