Muulize Bibi Fundi: Bobini imebadilika, kitambaa kina mstari

*Shikamoo Bibi Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi, nimekabidhiwa mashine mbili za zamani za kufuma, zile za shato zinazojibadilishia bobini zenyewe. Moja haina neno. Ya pili, kila ikibadilisha bobini, kitambaa kinatoka na mstari mwembamba ulio wazi, kama pengo la jino. Niliambiwa nyundo inayoingiza bobini mpya haina nguvu, niikaze. Nimeikaza, mstari uko pale pale, na jana bobini mbili zimepasuka. Nifanyeje? Tena naomba unieleze, mashine inajuaje kwamba uzi unakaribia kuisha?*
*— Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Marahaba, mjukuu wangu. Kabla hujasoma zaidi, nenda ukairudishe hiyo nyundo ilipokuwa. Nyundo haina kosa. Nyundo ni mtumwa, inagonga inapoitwa. Ugonjwa wako uko kwa anayeiita.

Sasa fanya jambo moja ambalo halihitaji spana. Kiinue kile kikapu kilicho chini ya mashine, kinachopokea bobini zilizotupwa, utoe kumi za mwisho. Zipange mezani uzitazame. Nilipokuwa fundi wa zamu, hicho kikapu ndicho nilichokwenda kukitazama kabla sijaitazama mashine yenyewe, na mara nyingi nilirudi na jibu mkononi. Bobini zikiwa tupu kabisa, mti mtupu unang'aa, basi nyundo yako inaitwa kwa kuchelewa. Zikiwa na uzi wa mita chache tu shinani, wito ni wa wakati wake. Zikiwa bado zimevaa uzi wa kutosha kufuma upana wa kiganja, inaitwa mapema na unatupa mali.

Nakisia zako ni tupu. Nitakueleza kwa nini.

Wasomaji wengine wanisamehe nikianzia mbali kidogo, maana si kila mtu amesimama mbele ya mashine hizi. Bobini tunayoizungumza si ile ya duara ya cherehani. Hii ni kijiti kirefu kilichochongoka, kimevingirishiwa uzi wa mshindio, yaani ule unaokatiza upana wa kitambaa, kimelala ndani ya shato. Shato ni kama mtumbwi mdogo wa mbao wenye ncha za chuma, unaotupwa kulia na kushoto katikati ya nyuzi za mtande, zile za urefu, ukiacha uzi nyuma yake kila unapopita. Kitana, chenye meno kama chanuo, kinakuja, kinaukandamiza uzi ule kwenye kitambaa, shato inarudi.

Bobini haidumu. Chukua uzi wa pamba namba 20, bobini ya gramu 25: hapo una mita kama 850. Kitambaa chako kikiwa na upana wa mita moja, hesabu na kinachopotea pembeni, utapata mipito kama 800, yaani shato kupita mara 800. Mashine ikienda mipito 180 kwa dakika, uzi umekwisha ndani ya dakika nne na nusu. Enzi za kubadilisha kwa mkono, mfumaji alisimamisha mashine, akachomoa shato, akaweka bobini nyingine, akapitisha uzi kwenye tundu la shato, akawasha. Kupitisha huko wengi walikufanya kwa mdomo. Waliweka midomo kwenye tundu na kuuvuta uzi kwa pumzi, pamoja na vumbi, mafuta na mate ya mwenzake wa zamu iliyopita. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilikataza kwa sheria mwaka 1911, na lilichelewa.

Mashine yako inafanya yote hayo bila kusimama. Pembeni, kwa kawaida upande wa kulia, kuna gurudumu lililobeba bobini zilizojaa, ishirini na kitu hivi. Sisi tuliliita betri. Shato ikiwa imetulia ndani ya boksi lake chini ya betri, na fremu ya kitana imefika mbele kabisa, nyundo inaisukuma bobini mpya kutoka juu. Mpya inaisukuma ya zamani, ya zamani inatokea chini ya shato, ambayo haina sakafu, na kuangukia kikapuni. Shina la bobini lina pete tatu za chuma, na ndani ya shato kuna koleo la chuma lenye mifuo inayozidaka pete hizo. Nyundo haina mota yake. Inasukumwa na fremu ile ile ya kitana inapokuja mbele, kwa hiyo haiwezi kugonga kwa wakati mwingine hata ikitaka. Mpito mmoja kwenye mashine yako ni theluthi moja ya sekunde, na mabadilishano yote yanakwisha katika kipande kidogo cha theluthi hiyo. Nilikaa mwaka mzima kabla jicho langu halijaweza kuifuata.

Wanaotembelea kiwanda hushangilia nyundo. Kwangu mimi ufundi hasa uko upande wa pili, kushoto, kwenye kipande kidogo kiitwacho kipapasio.

Kipapasio ni kidole cha chuma chenye meno madogo nchani. Shato ikifika kushoto, kidole hicho kinaingia kwenye tundu lililo ubavuni mwake na kuigusa bobini karibu na shina. Kikikuta uzi, meno yanaushika uzi na kidole kinarudi nyuma moja kwa moja. Hapo hakuna habari. Uzi ukiwa umekwisha mahali pale, meno yanakuta mti laini, yanateleza kando. Mtelezo huo wa milimita chache ndio wito. Unavuta kamba ya chuma, habari inafika kulia, na shato ikitua tu upande ule, nyundo iko tayari.

Usikivu wako uwe hapa. Kipapasio kinapoteleza, uzi haujaisha wote. Bobini inapojazwa, mizunguko ya kwanza kabisa hurundikwa pamoja shinani, nayo ndiyo akiba. Kipapasio kinagusa mbele kidogo ya akiba hiyo. Kwa hiyo kikisema "nimekuta mti", bado kuna uzi wa kuirudisha shato kulia na ziada juu yake. Akiba isipungue mipito mitatu, na mimi napenda iwe zaidi kidogo.

Rudi kwenye mstari wako. Ikiwa bobini kumi ulizopanga mezani ni tupu, ina maana kipapasio hakikusema lolote, uzi ukakatikia katikati ya kitambaa, na aliyeita nyundo ni uma wa mshindio. Huu ni ulinzi wa pili: uma mwepesi unaoguswa na uzi kila mpito, na siku uzi usipoonekana, unaarifu. Katika mashine nyingi za aina yako uma unaweza kuita bobini mpya badala ya kusimamisha mashine. Ndiyo maana unaona kila kitu kinafanya kazi, bobini inabadilika, lakini nusu ya mpito haipo kwenye kitambaa. Pengo la jino ni hilo. Kwa kitambaa cha magunia watu walikuwa wanalivumilia. Kwa shati, hapana.

Kwa nini kipapasio kinanyamaza? Anza na bobini zenyewe. Pitisha ukucha mahali kinapogusa. Bobini za zamani huchakaa pale pale, mti unakuwa na mikwaruzo, na meno yanaushika mti kana kwamba ni uzi. Zilizo mbovu ziondoe kabisa, usizirudishe kwenye mzunguko kwa huruma. Halafu tazama kina: kidole kisipofika mti, hakiwezi kuteleza. Halafu mashine ya kujazia bobini: je, akiba iko mahali pake, au imesogea mbele na sasa kipapasio kinaigusa yenyewe? Hili la mwisho lilinitesa wiki mbili. Nilifungua mashine sita za kufuma, nikazifunga, nikazifungua tena, kumbe kosa lilikuwa chumba cha pili, kwa mjazaji bobini, skrubu moja imelegea.

(Kinyume chake pia kipo. Meno ya kipapasio yakilainika kwa uzee, yatateleza juu ya uzi wenyewe, na utaona bobini zenye uzi mwingi kikapuni. Dawa ni kubadilisha ncha, si kuisogeza.)

Na ukikuta bobini zina mita zake chache kama inavyotakiwa, lakini mstari upo, basi acha kushoto uhamie kulia. Uzi wa bobini mpya hushikiliwa kwenye betri mpaka shato inapoondoka nao, na unajitumbukiza wenyewe kwenye mfuo wa tundu la shato katika mpito wa kwanza na wa pili. Ukiwa umelegea kwenye betri, hauingii. Mara nyingi aliyejaza betri alikuwa na haraka akauzungusha mara moja tu.

Bobini zilizopasuka je? Nusu ni wewe na spana yako: nyundo ikishuka kupita kiasi inazipitisha pete kwenye mfuo wake na kuivunja bobini. Nusu nyingine huenda shato haijatua sawasawa. Ikigonga mwisho wa boksi na kurudi nyuma kiasi cha upana wa kidole, nyundo inaishusha bobini juu ya ukingo wa mbao. Kuna kinga ya hilo, kijiti kinachochungulia kama shato iko mahali pake kabla nyundo haijaruhusiwa. Angalia kama kimepinda. Mtu aliyechoka na mashine kusita hukipinda makusudi, nimewakamata watatu. Ukimaliza hapo, angalia ngozi ya kuzuia shato na nguvu ya kuirusha.

Mashine ikiwa imezimwa tu, mjukuu wangu. Zungusha kwa mkono. Kucha yangu ya kidole cha shahada haijawahi kuota vizuri tangu nilipotaka kuona kwa karibu.

*Bibi Fundi, kwako salamu nyingi. Tunabishana kazini. Mmoja anasema mashine hizi ni za Mmarekani, mwingine anasema ni za Mjapani. Tuamulie.*
*— Wabishi wawili*

Nyote wawili mna haki, ila mnazungumza mashine mbili.

Ya kubadilisha bobini ni ya James Henry Northrop, mzaliwa wa Keighley, Uingereza, aliyehamia Marekani na kufanya kazi kwa akina Draper, watengenezaji wa mashine za viwanda vya nguo, kule Hopedale, Massachusetts. Mwaka 1889 alianza kwa kubadilisha shato nzima, kisha akaona ni nafuu kubadilisha kilicho ndani yake. Lakini ukibadilisha bobini huku shato inakwenda, nani atapitisha uzi kwenye tundu? Ilimbidi abuni pia shato inayojivisha uzi. Mashine zikaanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1890, na mwaka 1902 kampuni ya kuzitengeneza ikaanzishwa Blackburn, Uingereza. Huko Lancashire zilipokelewa kwa shingo upande. Mfumaji wa kule alizoea kusimamia mashine nne, na hizi mpya mtu mmoja alipewa kumi na sita, ishirini na nne, hata zaidi.

Ya Mjapani ni ya Toyoda Sakichi, aina ya G, mwaka 1924. Hii inabadilisha shato nzima, bila kupunguza mwendo. Uzi mwororo hupenda njia hii, kwa sababu haupigwi nyundo. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ilikubali kulipa pauni 100,000 kupata haki za kuitengeneza. Ndiyo, ni familia ile ile ya magari ya Toyota.

Niongeze langu, maana nilianzia huko. Watu husema "mashine inajibadilishia yenyewe", lakini betri haijijazi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujaza betri za mashine ishirini na nne. Pigeni ile hesabu ya dakika nne na nusu: katika kundi langu bobini moja ilikuwa inaangukia kikapuni kila sekunde kumi na moja. Betri ya bobini 28 inakwisha kwa saa mbili na dakika sita, na kila moja inataka uzi wake uvutwe na kuzungushwa. Baadaye kampuni ya Leesona ilitoa Unifil, kifaa kinachofungwa juu ya mashine ya kufuma, kinachojaza bobini pale pale, kinaipeleka kwenye nyundo, kinaipokea ikiwa tupu, kinaivua uzi uliobaki na kuijaza tena. Nilipokiona mara ya kwanza nilikisimamia nusu saa bila kusema neno. Sikuwa na hakika kama nafurahi.

*Bibi, kwetu mashine zinarusha uzi kwa hewa. Sijawahi kuona bobini. Je, tatizo la uzi kuisha limekwisha?*
*— Msomaji kijana*

Limehamia nje. Uzi wenu unatoka kwenye koni kubwa iliyosimama pembeni, haibebwi na chochote kinachoruka, kwa hiyo hakuna haja ya nyundo. Koni moja inamaliza saa nyingi. Inapokaribia kuisha, mkia wake umekwisha kufungwa kwenye kichwa cha koni ya pili, na uzi unahama wenyewe. Kazi ya kipapasio sasa inafanywa na fundo lile. Likiwa nene, linakatikia njiani na mashine inasimama. Lifunge dogo, kata mikia karibu, na hakikisha mkia wa koni ya kwanza haujajibana chini ya koni yenyewe.