Swichi ya siri kwenye IST: kata stata, pampu iache

Mkuu, umesema unataka swichi ya siri ya kuzuia wizi, IST yako (ya Toyota) ni ya funguo, gia otomatiki, na fundi anataka kukata waya wa pampu ya mafuta, halafu swichi aifiche chini ya usukani. Mimi ni fundi umeme wa magari na swichi hizi nimezifunga sana. Hapo ningekataa vyote viwili, pampu na hiyo sehemu ya kufichia.

Pampu ikikatwa, mafuta yaliyobaki kwenye njia bado yana presha. Mwizi anawasha, anatoka getini, gari linamzimikia mbele kidogo. Wengi wanaipenda kwa hilo. Sasa fikiria swichi imelegea wewe ndiye uko kwenye usukani. Niliwahi kuletewa Noah imevutwa kutoka Barabara ya Morogoro. Aliyefunga swichi yake alipitisha umeme wote wa pampu kwenye kiswichi cha plastiki, kikapata moto mpaka kikayeyuka. Injini ikizima kwenye mwendo usukani unakuwa mzito, na breki unazikanyaga vizuri mara moja au mbili tu. Baada ya hapo ni nguvu za mguu wako.

Kwa otomatiki mimi nakata stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Swichi ikifa ukiwa safarini, injini haina habari, maana stata ilishamaliza kazi yake. Na otomatiki haisukumwi ikawaka.

Tafuta waya unaotoka kwenye swichi ya funguo kwenda stata. Ukiweka testa ya taa, iwake pale tu funguo inapofikishwa mwisho. Chomoa hasi ya betri, kisha kata waya huo. Chukua rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya miguu minne, 40A; miguu ina namba zake. Upande wa waya unaotoka kwenye funguo ingiza mguu wa 30, na hapo hapo unganisha na 86. Upande unaokwenda stata ingiza 87. Mguu wa 85 upeleke kwenye swichi yako ya siri, kutoka hapo kwenye bodi, yaani chuma cha gari. Basi. Rilei inakula umeme wakati wa kuwasha tu, kwa hiyo gari likilala wiki nzima halimalizi betri kwa sababu yake. Swichi inabeba takriban 0.2A, waya mwembamba unatosha. Njia ya stata, 30 na 87, ndiyo inayotaka waya mnene, usipungue ule uliokata. Viungo vilehemu, usisokote na kufunga tepu.

Kwa kuwa umeme wa swichi ni mdogo hivyo, si lazima iwe kitufe. Mimi napenda ile swichi ya sumaku inayotumika kwenye milango ya kengele za wizi. Igundishe nyuma ya plastiki ya katikati ya dashibodi, nje hapaonekani kitu. Sumaku ndogo unaishika mkono wa kushoto, unaigusisha pale, wa kulia unazungusha funguo. Gari likishawaka unairudisha mfukoni. Weka dayodi 1N4007 (inapitisha umeme upande mmoja tu) kati ya 85 na 86, mstari wake uelekee 86, la sivyo swichi hiyo itaungua mapema. Chini ya usukani usiweke kitu: mkono wa mwizi unaanzia hapo.

Mwizi mwenye ufundi na muda atafungua boneti akaipelekea stata umeme moja kwa moja. Unachomnyima ni muda. Magari ya kitufe cha kuwashia usiyaguse kwa njia hii, kompyuta ndiyo inayoamuru stata.

Na yule aliyeuliza kuhusu swichi kama hii kwenye Hiace ya dizeli: kama ni ya injini ya 3L au 5L na gia za mkono, kukata stata hakusaidii, wataisukuma. Ina solenoidi (vali ya umeme) juu ya pampu ya dizeli, ukiikatia umeme injini inazima. Hapo hatari ya kuzimikiwa njiani inarudi, kwa hiyo nunua swichi ya chuma yenye mpini mgumu na uifunge mahali ambapo goti la abiria halifiki.