Nani atampa uji saa nne?

Swali la wiki hii linauliza kama serikali ichangie gharama za kulea watoto au mzigo huo uachiwe wazazi wenyewe. Nasema ichangie. Naandika kutoka Mufindi, mkoani Iringa, ambako kwa miaka 19 nimekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini kwetu: napita nyumba kwa nyumba, na kila mwezi tunapima watoto uzito chini ya mparachichi wa ofisi ya kijiji. Msomaji aliyenitangulia alijibu kwamba aliyezaa ndiye alee, kwa kuwa hakutumwa na mtu. Nimeyasoma maneno yake mara mbili, maana ndiyo yanayosemwa hata hapa kijijini, na nataka kumjibu kwa heshima kwa jambo nililoliona kwa macho yangu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimekolea na chai inachipua kila siku. Binti mmoja, kibarua wa kuchuma chai, alifika kliniki amechelewa, kanga imelowa, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi 11. Tulimning'iniza kwenye mizani akalia kidogo tu, kilio cha mtoto asiye na nguvu za kugombana. Nikaichukua kadi yake. Mstari wa uzito ulipanda vizuri hadi alipofikisha miezi mitano, ukalala alipokuwa na miezi sita na saba, kisha ukaanza kushuka. Nikamzungushia utepe wa kupimia utapiamlo mkononi, juu ya kiwiko. Ukaonyesha njano, sentimita 12. Ukishuka chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na hapo hatutoi tena ushauri, tunaandika rufaa.

Muuguzi akaanza somo letu la kila mwezi. Uji uchanganywe na karanga. Parachichi lipondwe. Yai, dagaa, maharage yaliyomenywa maganda. Mtoto wa umri huo ale mara tatu au nne kwa siku, na bado anyonye. Binti alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akasema polepole: "Mama, hayo yote nayajua. Parachichi ninalo uani. Karanga ninazo. Lakini saa nne mimi niko shambani. Nani atampa?"

Hakuna aliyemjibu. Muuguzi aliandika tarehe ya kurudi, nami nikamshika mtoto wakati mama yake anafunga kanga.

Kesho yake nilikwenda kwake, saa nne hiyo hiyo. Anayempa ni dada yake wa miaka minane. Nilimkuta amekaa mlangoni, mdogo wake mapajani, anamega ugali wa jana, anauchovya kwenye chai ya rangi na kumlisha. Kila tonge alilipuliza kwanza, ingawa ugali ulikuwa wa baridi, kwa sababu ndivyo alivyomwona mama yake akifanya. Nilimwuliza kwa nini hakwenda shule. Akaniambia, "Leo zamu yangu." Nilipouliza zamu ya nani mwingine, hakuwa na jina la kunitajia.

Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Katika mkoa wetu wa Iringa ni karibu 57. Njombe na Rukwa ni karibu 50. Naomba msomaji asimame kidogo hapa, kwa sababu mikoa hii ndiyo inayolisha wengine. Mahindi yanatoka huku, viazi vinatoka huku, parachichi zinasafirishwa hadi nje ya nchi. Kama kulea kungekuwa suala la chakula kuwepo tu, watoto wetu wangekuwa warefu kuliko wote.

Wapo wanaosema hatujui kulisha watoto. Wapo wanaosema ni ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ulanzi upo, sikatai, na nimewahi kugombana na wazazi wanaompa mtoto mdogo ule mtamu wa asubuhi kama maji ya kunywa. Lakini miaka yote hii ya kupiga hodi imenifundisha kwamba nyumba nyingi zenye kadi inayoshuka zina unga ndani, na zina mama anayejua. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuwepo pale mtoto anapoona njaa. Nimeikuta kadi ya namna hiyo hata kwenye nyumba ya bati yenye sola, mama ana duka sokoni, anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Gharama kubwa ya mtoto mdogo ni saa za mama, na saa hizo ndizo hizo hizo zinazoleta pesa ya chumvi na sabuni. Mchumaji chai hulipwa kwa kilo. Akikaa nyumbani ampe mtoto uji, siku hiyo ameipoteza. Majani aliyochuma yanapimwa kila siku na karani anaandika. Mtoto wake anapimwa mara moja kwa mwezi.

Serikali yenyewe inalijua jambo hili nusunusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba anapata siku tatu. Sasa sisi wahudumu tumefundishwa, na tunafundisha, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita kamili. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Na hao ndio wenye bahati, wenye mkataba na mshahara. Kibarua, mkulima wa jembe la mkono, muuza ndizi wa stendi, likizo yao ni siku mwili ulipokataa.

Tangu Januari 2016 hatulipi ada shule ya msingi wala sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha sita. Nashukuru kwa dhati, wajukuu zangu wananufaika. Lakini wataalamu wa lishe hutuambia kwamba siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili, ndizo zinazoamua kimo chake na kwa sehemu kubwa uwezo wa akili yake kushika masomo. Serikali inampokea mtoto kwenye mlango wa darasa la awali, siku hizo zimeshakwisha zamani. Na yule dada wa miaka minane? Yumo kwenye daftari la mahudhurio la darasa la pili. Mwalimu wake analipwa, dawati lake lipo, na tangu elimu bila ada ianze kila mwanafunzi wa msingi ametengewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Yeye yuko mlangoni analea. Kwa hiyo anayesema serikali haina uwezo wa kulipia malezi, namwomba aone kwamba yapo yanayolipiwa tayari, na anayelipa ni mtoto wa miaka minane.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nao walikuwa wanaeleza maisha yao yalivyokuwa. Mimi nilipojifungua kifungua mimba wangu, mama mkwe alimchukua asubuhi, shangazi akampokea mchana, na mimi nililima nikijua yuko kwa watu. Siku hizi nikihesabu nyumba za mtaa wangu, mikono hiyo siioni. Iringa na Njombe ni miongoni mwa mikoa iliyoumizwa zaidi na VVU nchini. Dawa zimeokoa wengi, Mungu ashukuriwe, lakini zilikuja baada ya makaburi mengi. Shangazi ambao leo wangekuwa na miaka 50 na kidogo, umri wa kushika watoto wa wenzao, tuliwazika. Bibi waliobaki wanalea yatima wao wenyewe. Jirani yangu ana miaka zaidi ya 70 na wajukuu wanne, hakuna hata mmoja aliyemzaa. Ndugu msomaji, huyu naye tumwambie aliyezaa ndiye alee?

Hoja ya kwanza ninayoisikia kila nikisema haya ni ya akina baba: serikali ikilipa, wanaume watatoroka. Uchungu wa hoja hii naujua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto wake, na nimewasindikiza wanawake kwa ofisa ustawi wa jamii mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Mwanaume anaitwa, haji. Anaitwa tena, anaahidi. Anatoa mwezi mmoja, anahamia Makambako au Mbeya. Miezi inapita, na mtoto anataka kula leo. Waliotoroka walitoroka bila ruzuku yoyote kuwapo. Serikali imlishe mtoto kwanza, kisha imfuate baba na imdai. Yenyewe ina polisi, mahakama na namba za vitambulisho vya taifa, mama wa chai hana hata nauli ya kurudi wilayani mara ya tatu.

Hoja ya pili ni kwamba watu watazaa ili walipwe. Hapa tunaweza kuwatazama wenzetu. Afrika Kusini ilianza kulipa ruzuku ya mtoto mwaka 1998, randi 100 kwa mwezi, kwa watoto wa kipato cha chini walio chini ya miaka saba. Leo inafika hadi miaka 18, ilipanda hadi randi 560 mwaka 2025, na inawafikia watoto zaidi ya milioni 13. Mwaka 1998 mwanamke wa huko alikuwa anazaa kwa wastani watoto 2.9. Kufikia utafiti wa 2016 ilikuwa 2.6. Hawakukimbilia kuzaa. Na jambo ninalolipenda kuliko yote katika mpango wao: fedha inamfuata mtoto. Anapewa yule anayemlea hasa, awe mama, bibi, shangazi au baba. Jirani yangu wa miaka zaidi ya 70 angekuwa Limpopo, huko Afrika Kusini, asingehitaji kueleza alizaa au hakuzaa.

Kwetu ipo TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini umegusa maisha mengi. Sehemu ya fedha zake imefungamanishwa na mtoto kuhudhuria kliniki na shule, jambo zuri. Ila unaanzia kwenye umaskini wa kaya, na mimi nazungumzia mtoto aliyekosa mtu mzima, ambaye anaweza kuwa ndani ya kaya ambayo mkutano wa kijiji hautaiona maskini. Kwa sababu hiyo nataka fedha ya malezi itolewe kwa kila mtoto aliye chini ya miaka miwili, bila kuchambua nani anastahili. Kadi ya kliniki tunayo tayari, mtoto ameandikwa, uzito upo, tarehe ipo.

Fedha itoke wapi? Mwaka 2017 serikali iliingia mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Nimeshukuru kwamba mtoto wetu amepata mstari kwenye bajeti. Lakini elfu moja ni mayai mawili au matatu. Kwa mwaka. Mstari ule upo, uongezwe.

Na tusiishie kwenye fedha ya mkononi. Mwaka 2021 nchi ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, na ndani yake vituo vya kulelea watoto mchana vimetajwa. Nataka nieleze kwa nini kituo cha namna hiyo hakiwezi kusimama kwa nguvu za akina mama peke yao, kwa kuwa tulijaribu.

Baada ya siku ile ya zamu, tulikaa wanawake sita. Tukakubaliana mmoja abaki na watoto wote, wengine waende chai, na kila anayekwenda amtolee aliyebaki shilingi 500 kwa siku. Mimi nilitoa sufuria langu la lita 20, lile la misiba na harusi. Tulipika uji wa ulezi na karanga, saa nne na saa nane. Watoto walikuwa tisa. Yule wa utepe wa njano alirudi kijani mwezi wa tano, na dada yake akarudi darasani, nilimwona mwenyewe akipita na daftari kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua.

Mwezi wa saba baridi ilikaza, chai ikapungua, kilo zikashuka. Shilingi 500 ikawa 300, kisha ikawa "nitakupa wiki ijayo". Aliyekuwa akibaki na watoto alikuwa na watoto wake pia wa kulisha. Alivumilia wiki tatu bila malipo, nami nilikuwa naona aibu kumtazama. Asubuhi moja alipita mbele ya nyumba yangu na tenga lake, anakwenda chai. Hakusimama, na sikumlaumu.

Hesabu yetu ilikuwa ndogo sana. Kilikosekana kiasi kile kile kila siku, masika na kiangazi, cha kumlipa mwanamke mmoja na kununua unga. Sisi sita tulishindwa kukihakikisha kwa sababu mapato yetu yanafuata mvua, lakini halmashauri haichumi chai, yenyewe ingeweza. Jengo hatukuomba, tulikaa kwenye baraza ya kanisa. Sufuria bado ninalo, limefunikwa juu ya dari ya jiko, na siku atakapopatikana wa kulipwa kukaa na watoto nitalishusha.